Pianoteq au Salamander kwa laptopu ya RAM 4? Piano yangu inatoka kama sufuria

Teno_Igoma
Habari za jioni wakuu. Nina kinanda cha kii 61, zile nyepesi, nimekiunga kwa USB na laptopu ya RAM 4, hadidiski ni ile ya kuzunguka. Nimeweka Salamander, sauti ya piano ya bure ya kompyuta, alafu nikajaribu programu ya piano ya Pianoteq ya majaribio, ile inayokata baada ya dakika 20 na kuna noti wamezizima. Zote mbili kwangu zinatoka kali, yani hata wimbo wa komunio unasikika kama tuko kwenye sendoff. Ipi inakaribia piano ya kweli, na nishike setingi gani?

kii_nyeusi
Mkuu hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Salamander ni sampo, jamaa alirekodi Yamaha C5 yenyewe, kila baada ya nusu toni tatu, kwa nguvu 16 tofauti za kugonga, kwahiyo inataka RAM na diski. Pianoteq haina rekodi ndani, inapiga hesabu ya nyundo na nyaya palepale unapobonyeza, ndio maana ni MB kidogo tu ila inamtafuna prosesa. Kwa diski yako hiyo mimi ningeenda Pianoteq.

DadaAlto_Bukoba
Mimi sampo, sibadiliki. Pianoteq noti za juu nasikia chuma chuma, na toleo la Stage halikuruhusu kugusa ugumu wa nyundo mpaka ununue Standard. Sasa nalipia nini?

mzee_wa_pedali
Mnagombania programu bure. Kijana fanya hivi, rekodi MIDI yako, yani taarifa za kii ulizobonyeza na sio sauti, dakika mbili unapiga kawaida tu, alafu fungua uangalie namba za velositi, yani nguvu uliyogongea kii. Zinaenda 1 mpaka 127. Mimi nilipofanya kwa kinanda changu cha kii nyepesi nikakuta karibu kila noti iko juu ya 90, hata pale nilipodhani napapasa, maana yake zile sampo za upole ambazo mtu alikaa akazirekodi kwa taabu sikuwahi kuzisikia hata siku moja, nilikuwa napiga zile za juu tu na kulaumu Yamaha ya watu. Pianoteq ina sehemu ya kukalibreti, inakwambia piga polepole, piga kati, piga kwa nguvu, inajichorea yenyewe ule mstari wa kugeuza velositi kuwa nguvu ya sauti. Ukitaka kuchora kwa mkono uvute katikati ulegee chini ya mshazari. Kwa Salamander anzia kwenye kinanda chenyewe, tachi, yani setingi ya uzito wa kugusa, ipeleke kwenye Hard. Na riverbu ZIMA. Kanisa lina mwangwi wake, ukiongeza wa kwenye programu waumini wanasikia uji.

Busisi_kwa_miguu
+1 kwa mzee. Ila mbona hamjamuuliza anatokea kwenye spika gani? Kama ni waya mmoja kwenda mikisa ya kanisa hiyo ni mono, sauti ya njia moja, na piano nyingi za programu zimerekodiwa stereo, njia mbili, kwa maiki zilizoachana, ukizibana kuwa moja baadhi ya noti zinafutana zinabaki nyembamba kama redio ya mkulima. Toa chaneli ya kushoto peke yake. Nyumbani kwa hedifoni unarudisha zote mbili.

Teno_Igoma
Ni waya mmoja mkuu 😅 Alafu kuna kitu kingine, jana umeme umekatika katikati ya mazoezi, spika tukawashia jenereta, laptopu ikabaki kwenye betri, sauti ikaanza kukwaruza pwaa pwaa, nikajua programu imekufa.

kii_nyeusi
Haijafa. Ikiingia kwenye betri Windows inashusha kasi ya prosesa, na Pianoteq ndio inaumia zaidi. Nenda kwenye mpango wa nguvu weka pafomansi ya juu hata kwenye betri, na polifoni, yani idadi ya noti zinazolia kwa pamoja, ishushe iwe 64, ukikanyaga pedali muda mrefu noti zinarundikana bila wewe kujua. Bafa pia, ile akiba ya sauti inayojazwa kabla haijatoka. Vipande 128 kwa kasi ya 44100 kwa sekunde ni kama milisekunde 3, tamu sana ila laptopu yako haitaiweza, jaribu 256, ni karibu 6. Ukifika 512 unaelekea 12 na vidole vinaanza kuisubiri sauti. Na usitumie draiva ya kawaida ya Windows, weka ASIO4ALL, draiva ya sauti ya kupunguza kuchelewa.

Teno_Igoma
Nimerudi. Nimepima velositi kama mzee alivyosema, ya chini kabisa ilikuwa 84 🙈 Nimekalibreti, riverbu nimezima, natoa chaneli ya kushoto tu. Salamander na Pianoteq sasa zimekaribiana mpaka naanza kumwelewa dada wa Bukoba, juu huku Salamander ina ukweli zaidi, ila inachelewa kufunguka kwa diski yangu. Jumapili napeleka Pianoteq. Swali la mwisho, nataka pedali ya nusu pedali, ile inayoshuka taratibu. Mwanza mjini naipata wapi?

mzee_wa_pedali
Subiri kwanza kutoa hela. Kanyaga uliyonayo huku unarekodi, uangalie CC64, namba ya pedali ndani ya MIDI. Ikitoa 0 na 127 tu, soma kitabu cha kinanda kama tundu lake linapokea pedali ya kuendelea, yani yenye hatua za katikati, maana vingi vya kii 61 vinajua kuwasha na kuzima basi, utanunua ya bei na itafanya kazi ileile ya hiyo ya zamani.

DadaAlto_Bukoba
"Naanza kumwelewa dada wa Bukoba" nimeisevu hiyo 😂