Mjadala: Mchezaji akigongwa kichwani, nani awe na kauli ya mwisho kuhusu kurudi kwake uwanjani?

Mleta mada

Ndugu wadau, naomba tujadili mpira wa miguu wa Kiaustralia, mchezo ambao wengi wetu hatuufuatilii, lakini una mtu wetu ndani yake. Aliir Aliir alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, kwa wazazi waliokimbia vita vya Sudan. Alipelekwa Australia akiwa na miaka minane, akajifunza mpira wa huko, na mwaka 2013 klabu ya Sydney Swans ikamsajili kupitia mchujo wa vijana wa AFL, ligi kuu ya mchezo huo. Baada ya msimu wa 2020 alihamia Port Adelaide, na msimu uliofuata tu akaingia katika kikosi bora cha mwaka cha ligi nzima, akiwa beki.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: kila timu ina wachezaji 18 katika uwanja wa duara dufu, mpira unapigwa teke au ngumi, na mwenye mpira hukabwa kwa mwili mzima. Watu huruka na kupanda migongo ya wenzao ili kuudaka mpira hewani, na karibu wote huingia uwanjani bila kofia ya kukinga kichwa. Atakayesema kwamba huo si mchezo wa hatari hajawahi kuutazama hata robo moja ya mechi.

Mwishoni mwa Julai 2023, katika mechi ya watani wa jadi wa jiji la Adelaide, Aliir aligongana vichwa na mwenzake wa timu moja, Lachie Jones. Alitolewa, kisha akarudishwa kucheza bila kufanyiwa kipimo kamili cha mtikisiko wa ubongo ambacho kanuni za ligi zinakitaka. Klabu ilikiri kosa, na ligi ikaitoza faini ya dola 100,000 za Australia.

Faini ililipiwa utaratibu uliorukwa. Swali langu linakwenda mbele ya hapo: hata utaratibu ukifuatwa, anayeamua ni daktari anayelipwa na klabu, naye amekaa benchi moja na kocha ambaye beki wake tegemeo ametoka. Sisemi kwamba madaktari hao ni waongo. Nasema wamewekwa mahali ambapo kosa la kumrudisha mchezaji mapema linapigiwa makofi na uwanja mzima, na madhara yake huonekana baada ya miaka ishirini. Mchezaji mwenyewe naye hawezi kuwa hakimu, kwa kuwa kiungo anachotakiwa kukitumia kuamua ndicho kilichogongwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: uamuzi wa siku ya mechi, na ule wa kumruhusu arejee baada ya wiki kadhaa, uondolewe kwa klabu na kwa mchezaji, upewe daktari ambaye hana chochote cha kupoteza timu ikifungwa. Nakaribisha hoja.

Mchangiaji wa pili, anayeishi Melbourne

Nashukuru kwa mada, ndugu, ila napinga, na napinga nikiwa mtu wa kuingia MCG, uwanja mkuu wa mchezo huu hapa Melbourne, karibu kila mwisho wa wiki wakati wa msimu.

Kwanza, ligi haikulala. Tangu mwaka 2021 mchezaji aliyethibitika kupata mtikisiko haruhusiwi kucheza kabla ya siku ya 12, na kwa kuwa mechi huchezwa kila wiki, maana yake ni kwamba anakosa angalau mechi moja hata akijisikia mzima kabisa. Pili, daktari wa nje hamjui mchezaji. Daktari wa klabu amemwona kila siku kwa misimu mitano, anajua anavyotembea, anavyotania, anavyojibu akiwa amechoka na anavyojibu akiwa amechanganyikiwa. Ukimleta mgeni ambaye ameonana na Aliir mara moja, atakosea zaidi ya yule unayemshuku.

Tatu, na hili ndilo linalonigusa zaidi, hawa ni watu wazima. Kazi ya mchezaji wa AFL ni fupi. Wengi hawafikishi misimu kumi, na wako ambao nyuma yao kuna ukoo mzima unaotegemea mshahara huo, wengine ukiwa bado uko Kakuma au Juba. Tunamwachia mchimba madini aingie shimoni na dereva wa masafa marefu aendeshe usiku kucha, kisha tumnyime mwanamichezo haki ya kupima hatari yake mwenyewe?

Mtazameni Angus Brayshaw wa klabu ya Melbourne. Septemba 2023, katika mechi ya hatua ya fainali, Brayden Maynard wa Collingwood aliruka ili auzuie mpira uliokuwa unapigwa, akatua kwa bega kichwani mwa Brayshaw, ambaye alitolewa kwa machela. Hakuwa mgeni wa mitikisiko. Aliwahi kucheza na kofia laini kwa sababu hiyo. Februari 2024, akiwa na miaka 28, bingwa wa 2021 na mwenye mkataba uliobakiza miaka mingi, alishauriwa na madaktari, akasikia, akastaafu. Mfumo huo huo mnaoulaumu ndio uliomtoa salama.

Mchangiaji wa tatu, daktari

Naomba niseme kama tabibu, ingawa kazi yangu si ya michezo.

Hoja ya kumjua mgonjwa ni nzito, lakini kipimo kinachotumika pembeni ya uwanja hulinganishwa na majibu ambayo mchezaji huyo huyo aliyatoa kabla ya msimu, akiwa mzima. Kumbukumbu hizo zinaweza kusomwa na daktari yeyote aliyefunzwa. Ninachokihofia zaidi ni muda. Dalili za mtikisiko wa ubongo huweza kuchelewa kwa saa kadhaa, hata siku moja au mbili, na kwa hiyo mtu anayejibu maswali vizuri dakika ya kumi si lazima awe amepona. Anapopigwa tena kabla ubongo haujatulia, madhara huongezeka.

Halafu kuna jambo ambalo nyote wawili mmelipita. Ugonjwa unaoitwa CTE, yaani uharibifu wa ubongo unaohusishwa na mapigo ya miaka mingi kichwani, hauhitaji mtu aanguke na kuzimia. Mapigo madogo madogo, yasiyomtoa mtu uwanjani, nayo yanahesabika, na mengi kati yake hutokea mazoezini, ambako hakuna kamera wala shabiki. Ugonjwa huo huthibitishwa kwa kuchunguza ubongo wa marehemu. Ndivyo ulivyobainika kwa Polly Farmer, mchezaji wa zamani aliyefariki mwaka 2019. Kwa Danny Frawley, aliyekuwa nahodha wa St Kilda. Na kwa Shane Tuck wa Richmond, aliyefariki mwaka 2020 akiwa na miaka 38. Heather Anderson aliyefariki mwaka 2022 alikuwa na miaka 28 tu, na katika ligi ya juu ya wanawake alicheza msimu mmoja, ule wa kwanza wa 2017, ambao Adelaide ilitwaa ubingwa. Alikuwa ameanza michezo ya kugongana tangu utotoni.

Baada ya uchunguzi wa kifo cha Tuck, mwamuzi wa vifo vya utata wa jimbo la Victoria alipendekeza, Desemba 2023, kwamba mazoezi ya kugongana yapunguzwe na kwamba madaktari wasio wa klabu wawepo kwenye mechi. Naona alitanguliza mambo kwa usahihi. Daktari huru siku ya mechi ni hatua nzuri, lakini akikaa pale Jumamosi huku Jumanne na Alhamisi vichwa vinaendelea kugongana, tumeziba tundu dogo.

Mchangiaji wa nne

Nilicheza raga ya klabu Nairobi. Katika raga ya kimataifa kuna daktari wa mechi ambaye hayuko chini ya timu yoyote, na mchezaji anayeshukiwa huondolewa kwa muda maalumu ili apimwe. Mchezo haujafa kwa hilo. Na hiyo hadithi ya mtu mzima kujiamulia, tusidanganyane: nahodha akikuuliza mbele ya wenzako kama uko sawa, jibu ni moja tu.

Mleta mada

Nawashukuru. Daktari, hoja ya mazoezi naipokea na kuiongeza katika madai yangu, kwa sababu hata huko anayepanga ratiba ya kugongana ni kocha.

Ndugu wa Melbourne, mfano wa Brayshaw naona unaelekea kwangu. Alisikilizwa baada ya vipimo vilivyofanyika kwa utulivu, miezi kadhaa baada ya mechi, bila saa ya uwanja inayohesabu. Mazingira hayo ndiyo ninayoyaombea kila mchezaji. Na usisahau upande wa pili wa tukio lile: Maynard alishtakiwa, baraza la nidhamu likamwachia, akacheza fainali kuu ambayo Collingwood ilishinda kwa pointi nne, na ndipo ligi ikabadili kanuni ili kuanzia 2024 anayeruka kuzuia mpira na kumgonga mwenzake awajibike. Kanuni imekuja baada ya mtu kupoteza kazi yake. Mchimba madini uliyemtaja hapangiwi na bosi wake kama mapafu yake ni mazima. Mkaguzi hutoka nje ya kampuni, au angalau ndivyo sheria inavyotaka.

Kuhusu familia zinazotegemea mshahara, hapo umenibana, na sitaki kupita haraka. Mchezaji anayezuiwa kucheza na daktari huru lazima alipwe mkataba wake wote, vinginevyo wenye shida ndio watakaoficha dalili, na mtoto wa mkimbizi atazificha kuliko wote. Ligi yenye mikataba mikubwa ya televisheni inaweza kuanzisha mfuko wa kazi hiyo, na ingefanya hivyo mapema kuliko kungoja mahakama: tangu 2023 kuna kesi ya pamoja ya wachezaji wa zamani katika Mahakama Kuu ya Victoria, inayoongozwa na Max Rooke aliyecheza Geelong.

Kinachobaki kunisumbua ni mlipaji wa huyo daktari huru. Akilipwa na AFL, bado analipwa na wenye mchezo, ambao nao wanataka majina makubwa yawepo uwanjani Septemba, mwezi wa fainali. Akilipwa na serikali, walipa kodi watauliza kwa nini wagharamie biashara ya watu. Binafsi naelekea kwenye chama cha wachezaji, kilipwe fungu hilo na ligi lakini kiajiri chenyewe, ingawa najua wapo watakaosema kwamba chama nacho kina wanachama wanaotaka kucheza. Daktari, wewe ungekubali kuajiriwa na nani?