Mwanangu wa kipaimara anauliza kwa nini Mungu hakusamehe tu bila msalaba. Naomba ushauri

Mama wa Kihambani, Moshi:
Shalom wapendwa. Mwanangu wa miaka 14 yuko kwenye mafundisho ya kipaimara, na Jumamosi iliyopita alirudi na swali lililonishinda. Miaka michache iliyopita shemeji yangu aling'oa masale, ile mimea inayoonyesha mpaka wa kihamba chetu (shamba la ukoo), akayapanda hatua nne ndani. Baadaye alikuja na wazee wawili, ameshika jani la isale mkononi kuomba msamaha. Mume wangu akamsamehe, tukanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, yakaisha. Kijana aliyaona yote hayo, na sasa ananiambia, "Kama baba aliweza kusamehe bila mtu kufa, Mungu alishindwa nini?" Kisha akanifungulia Ezekieli 18:20, pasemapo kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake, akauliza inawezekanaje basi asiye na kosa abebe makosa ya wengine. Nilimjibu kwamba mambo ya Mungu hayahojiwi. Aliinama akaendelea kumenya ndizi, na tangu siku hiyo hajaniuliza kitu.

Mwinjilisti Mstaafu:
Mama, pole, lakini mshukuru Mungu kwa mtoto anayesoma hadi Ezekieli. Kabla sijajibu naomba kujua: baada ya ile mbege, hasara ya kihamba aliilipa nani?

Mama wa Kihambani:
Mpaka ulirudishwa. Migomba sita ilikuwa imeshakatwa, na ndizi za muda wote ule hatukulipwa. Wazee walitaka shemeji atoe mbuzi, mume wangu akakataa.

Mwinjilisti Mstaafu:
Basi aliyelipa ni mume wako. Kijana aliiona mbege, hakuiona hasara, kwa sababu baba yake aliibeba kimya. Anayesamehe haifuti hasara kwa kusema "yaishe". Anaitoa begani kwa mkosaji na kuibeba yeye. Kwa hiyo hata pale kihambani msamaha ulikuwa na gharama, isipokuwa ilikuwa ya migomba. Kosa la mwanadamu mbele za Mungu ni zito kuliko mpaka uliosogezwa, maana mshahara wake, kama Paulo anavyowaandikia Warumi, ni mauti, na aliyekosewa ameamua kuubeba mwenyewe.

Baraka tele:
Mnamchosha mtoto. Aombe, ataelewa akikua.

Msomi wa Usa River:
Ndugu Baraka, mtoto aliyenyamazishwa akiwa na miaka 14 huenda akikua asiulize tena. Swali la Ezekieli ni la haki kabisa, na lingeuangusha msalaba kama habari ingekuwa vile wahubiri wengine wanavyoisimulia: Baba amekasirika, akamkamata mtu wa pembeni asiyehusika, akamalizia hasira kwake. Sivyo Maandiko yanavyosema. Katika Yohana 10:18 Yesu anasema juu ya uhai wake, "Hakuna mtu aniondoleaye, bali mimi nautoa mwenyewe," na 2 Wakorintho 5:19 inasema Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Aliyebeba ndiye yule yule aliyekosewa, hakuna mtu wa tatu.

Mwambie pia kwamba swali lake ni la zamani. Mwanateolojia Anselm wa Canterbury aliliandikia kitabu kizima mwishoni mwa karne ya 11, akieleza dhambi kama deni la heshima ambalo mwanadamu anadaiwa na hawezi kulilipa. Mwanateolojia mwingine, Abelard, karne iliyofuata, akatilia mkazo upendo unaougeuza moyo wa mkosaji. Mimi naona Anselm anafafanua vizuri uzito wa deni, ila ukimsoma peke yake Mungu anaanza kufanana na mtemi aliyevunjiwa heshima. Imani ya Nikea yenyewe, lile ungamo la kale la Kanisa, inakiri tu kwamba alisulubiwa kwa ajili yetu, zamani za Pontio Pilato. Namna gani, haikufafanua.

Mkatoliki wa Kibosho:
Nami niongeze upande wa dhambi, maana kijana anaweza kuuliza yeye anahusikaje na kifo cha kabla hajazaliwa. Msomee Marko 14 na 15 taratibu. Yuda anaahidiwa fedha, makuhani wakuu wanamtoa Yesu kwa husuda, Petro anamkana kwa kuogopa kijakazi, Pilato anajua ukweli ila anataka kuwaridhisha makutano. Hakuna dhambi ya ajabu pale. Zote tunazo vikaoni na kwenye koo zetu, ikiwemo ile ya kung'oa masale.

Mwinjilisti Mstaafu:
Umenikumbusha jambo, ndugu. Kwa desturi yetu anayebeba isale ni mkosaji. Lakini ukiendelea hadi mstari wa 20 wa sura ile ya Wakorintho, mitume wanasema, "twawaomba ninyi kwa ajili ya Kristo mpatanishwe na Mungu." Anayeomba pale ni aliyekosewa.

Mama wa Kihambani:
Nawashukuru nyote. Jana jioni nilimwomba msamaha kwa jibu langu la mwanzo, kisha tukaenda mpakani, baba yake akamwonyesha visiki vya ile migomba sita, jambo ambalo hata mimi sikuwahi kumsikia akilizungumza. Nilipomweleza kijana habari ya isale alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza, "Na tukikataa kulipokea?" Nimemwambia alibebe hilo Jumamosi, akamuulize mwalimu wake.

Mwinjilisti Mstaafu:
Mpigie mwalimu simu mapema, naye ajiandae.