Picha za usiku za O. Winston Link: mvuke mweupe vile aliupataje?

Relini:
Wakuu, heshima kwenu. Natazama picha za magarimoshi alizopiga mpigapicha O. Winston Link kwenye reli ya Norfolk & Western, Marekani, kati ya 1955 na 1960. Ni usiku, kichwa cha treni kimo mwendoni, lakini mvuke mweupe kama pamba na kila kitu kandokando ya reli kinaonekana. Flashi moja kali ingetosha? Na ile ya sinema ya wazi ya Iaeger, West Virginia, yenye ndege (eropleni) kwenye skrini, ni picha moja au imeunganishwa?

Chumba cha Giza:
Flashi moja haitoshi, mkuu, hata iwe kali vipi. Kitu kilicho mita 3 kutoka kwenye taa kikipata mwanga wa kutosha, kilicho mita 30 kinapata sehemu moja tu ya mia. Mbele pataungua kwa mwanga, nyuma patakuwa giza. Dawa ni kutawanya taa, kila kundi lihudumie eneo lake. Hiyo ya Iaeger, ya 2 Agosti 1956, ilitumia balbu za flashi 42 za namba 2 na moja ya namba 0 (namba hizo ni aina za balbu), zote zikawaka kwa mpigo. Balbu hizo ni za mara moja: ikiwaka imekwisha. Ukikosea, treni haikungojei ubadilishe.

Weupe wa mvuke hautokani na ukali wa taa bali na upande inakotokea. Taa ikikaa jirani na kamera, mvuke hutoka bapa, kijivu. Ikitokea ubavuni au nyuma kidogo, matone ya maji hutawanya mwanga kuelekea kwenye lenzi na wingu linapata mikunjo. Anga jeusi linamalizia kazi, maana mchana wa mawingu mvuke uleule humezwa na anga. Halafu jua huwezi kulihamisha, balbu unaweza.

Fundi Waya:
Niongezee upande wa umeme, maana ndiko kwenye ugumu. Balbu ziliunganishwa kwa mfuatano, si sambamba. Mkondo mmoja unapita kote, kwa hiyo zinawaka pamoja, na waya mrefu si lazima uwe mnene. Ubaya wake: balbu moja mbovu au kiungo kimoja kilicholegea, hakuna hata moja itakayowaka. Mfumo wa namna hiyo hupimwa kwa mkondo mdogo usioweza kulipua balbu, kabla treni haijafika. Betri hujaza kapasita (kifaa cha kuhifadhi umeme), na kapasita ndiyo inayomwaga nguvu yote kwa mara moja.

Kuhusu mwendo: treni ya kilomita 60 kwa saa husogea kama sentimita 17 katika 1/100 ya sekunde. Ikipita ubavu mbele ya kamera, picha inavurugika. Ikija kwa mshazari, msogeo uleule hauonekani sana. Ukitaka kujua picha imetulia kiasi gani, usitazame boila. Tazama ukingo wa juu wa gurudumu, maana huo huenda kasi mara mbili ya treni yenyewe.

Relini:
Hilo la gurudumu sikulijua. Na ndege?

Chumba cha Giza:
Imeunganishwa. Balbu 43 zikiwaka, mwanga wake unaifuta kabisa picha ya projekta, skrini inabaki nyeupe tupu. Kwa hiyo ndege ilipigwa kwenye negativu (filamu) yake na kuingizwa wakati wa kuchapa. Wapo wanaoiita ghushi. Mimi siungani nao. Kama kuongeza ndege ni uongo, basi na mwanga wote wa balbu tuuite uongo.

Tahadhari moja: nakala nyingi za mtandaoni zimekazwa kontrasti (tofauti ya weupe na weusi) mpaka mvuke umekuwa doa. Kwenye chapa nzuri, yaani picha iliyochapwa kwenye karatasi, weupe una mikunjo ndani yake, na weusi wa boila bado unaonyesha mabomba na ngazi. Ukiwa na chapa mkononi, itazame kwa lenzi ya kukuza mara 10. Nukta zilizojipanga safu ni za bango au kitabu, zilizonyunyizwa ovyo ni za printa ya wino. Chapa ya fedha, ile ya karatasi ya picha yenye madini ya fedha, haina nukta, ina chembe laini tu.

Fundi Waya:
Anayefika Roanoke, Virginia, makumbusho ya Link yamo kwenye jengo la iliyokuwa stesheni ya Norfolk & Western. Injini nyingi anazoziona pichani ziliundwa mji huohuo.