Watu wa Chumbageni: Salma yuko milimani

Salma: Assalam alaykum wote. Leo sina zamu, nimetoka kutembea. Nimeshukia stesheni ya Wendover, huku Uingereza, natembea mpaka Princes Risborough, kule napanda treni nyingine. Milima ya Chiltern hii. [Picha]

Shangazi Mwajuma: Waalaykum salaam mwanangu. Peke yako porini?

Salma: Niko na mwenzangu wa kazini, shangazi.

Abdul: Mlima uko wapi hapo? Mie naona tuta 😂

Salma: Coombe Hill, mita 260. Haya, wewe wa Lushoto cheka. Njoo uupande na tope hili. [Picha]

Mjomba Bakari: Hiyo nyeupe kwenye viatu ni chokaa?

Salma: Chaki, mjomba. Mlima wote chaki. Mvua ikinyesha inanata, viatu vimeota soli ya pili.

Mjomba Bakari: Basi unakanyaga bahari. Chaki ni magamba ya vijimea vya baharini visivyoonekana kwa macho. Vilikufa, vikazama, vikashindiliana, zaidi ya miaka milioni 66 iliyopita. Mapango yetu ya Amboni nayo ni mawe ya baharini, ila ya zamani zaidi na magumu. Hebu angalia chini, hakuna mawe meusi yenye ganda jeupe?

Salma: Tele! Hili limepasuka, ndani jeusi linang'aa, ukingo umenichana glavu.

Mjomba Bakari: Gumegume hilo. Ndilo lililokuwa likitoa cheche kwenye bunduki za gumegume. Kabla ya chuma watu walilichonga mashoka.

Abdul: Mwalimu kastaafu lakini chaki hajaiacha 😂😂

Shangazi Mwajuma: Bibi anauliza, mashamba hayo mnayokatiza ya nani? Msije mkafukuzwa na mbwa.

Salma: Mwambie ya wenyewe, lakini njia ni ya umma kisheria. Mwenye shamba alime, afuge, ila njia haruhusiwi kuiziba. Mshale wa njano ni wa waenda kwa miguu, wa bluu hata farasi anapita. Ukifungua geti unalirudishia, kondoo wasitoke. Basi.

Salma: Na hamtaamini. Njia hii ya Ridgeway inakatiza barabara ya kuingilia Chequers, nyumba ya mapumziko ya waziri mkuu.

Abdul: Acha fiksi

Salma: Wallahi. Kamera zipo, vibao vya kukataza kutoka njiani vipo, njia yenyewe wazi. Nimepita na chapati zangu mkobani.

Shangazi Mwajuma: Ya Rabbi. Huku ukiegemea tu ukuta wa mkubwa unaulizwa umetumwa na nani.

Mjomba Bakari: Na ile njia ya wavuvi kule ufukweni imepigwa ukuta, mpaka leo wanazunguka.

Salma: Hata hapa haikuja bure, mjomba. 1932 watu waliingia kwa makusudi mlima wa Kinder Scout, huko kaskazini, uliokuwa umekatazwa kwa umma, watano wakafungwa. Sheria ya kuzilazimisha halmashauri kuzichora njia kwenye ramani ni ya 1949.

Mjomba Bakari: Miaka 17. Wavuvi wetu wasubiri.

Salma: Sasa tuko msituni. Miti ya beech mitupu, gome laini la kijivu, na kivuli kizito mpaka chini hakuoti kitu. Majani yameanza kugeuka rangi ya shaba. [Picha] [Picha]

Salma: Baba Asha, hii ya kwako. Zamani mafundi walikuwa wanapiga kambi humu humu, wanakata mti na kukereza miguu ya viti kwa kerezo la kukanyaga kwa mguu. Viti vyenyewe vilikuwa vinaungwa mjini High Wycombe.

Baba Asha: Wanakereza mti mbichi?

Salma: Mbichi, maana unakatika kirahisi. Wanaiacha miguu ikauke ndiyo wanaipeleka mjini.

Baba Asha: Ahaa. Mimi mninga nikiukereza mbichi mteja ananirudishia kiti wiki hiyo hiyo. Nitumie picha ya hilo kerezo ukiipata.

Salma: Sawa. Juu huku mwewe wekundu wanazunguka, wengi ajabu. England walikuwa wameuliwa wakaisha, wakaletwa wengine kuanzia 1989, wengi wao kutoka Hispania.

Shangazi Mwajuma: Wameletwa?? Mtu anaagiza mwewe?

Salma: Ndiyo shangazi 😂

Shangazi Mwajuma: Waambie waje wachukue na wa huku, bure. Vifaranga wangu wamebaki watatu.

Abdul: Nauli ya mwewe nani analipa?