Faili za darubini ya James Webb zinafunguka nyeusi tupu: rangi za zile picha hutoka wapi?

Pikseli16

Wakuu, naomba mwongozo. Nimepakua kutoka MAST, hazina ya data za darubini za angani, faili za NGC 3324, yale "majabali" ya Carina yaliyotangazwa tarehe 12 Julai 2022. Ni programu namba 2731, kamera ya NIRCam, vichujio F090W, F187N, F200W, F335M, F444W na F470N (namba ni wimbi, yaani 090 ni mikromita 0.90; W ni kipana, M cha kati, N chembamba), na zote zinaishia na _i2d.fits. Programu moja inaniambia faili haina picha, nyingine inaonyesha weusi wenye vidoa vyeupe. Isitoshe, F090W na F444W hazilingani ukubwa, na nyota angavu zina tundu jeusi katikati. Nafikaje kwenye picha ya rangi? Na hizo rangi ni za kweli au ni mapambo?

Mchuja_Nuru

Faili zako ni nzima. FITS ina tabaka kadhaa, na tabaka namba 0 hubeba maelezo tu: darubini, kichujio, muda wa kupokea nuru. Picha yenyewe iko tabaka namba 1, linaloitwa SCI. Programu inayosoma tabaka la mwanzo pekee lazima ikuambie hakuna kitu.

Weusi una sababu nyingine. Namba zilizomo hufuata nuru moja kwa moja, yaani pikseli iliyopata nuru mara elfu huandikwa namba kubwa mara elfu. Nyota chache zinajichukulia nafasi yote ya mwangaza kwenye skrini, na nebula nzima, yaani wingu la gesi na vumbi, inabanwa chini kabisa karibu na sifuri. Fungua SCI kwa FITS Liberator, ambayo ni ya bure, uchague asinh. Asinh hunyanyua sehemu hafifu kwa nguvu na kuzigusa kidogo tu zile angavu. Kisha sogeza kiwango cha weusi hadi mguuni mwa kilima cha histogramu (grafu ya mwangaza wa pikseli), upande wa kushoto, ukiacha nafasi kidogo. Wengi huharibu hapa: wanakata ndani ya kilima ili anga liwe jeusi la kupendeza, na vumbi hafifu linapotea moja kwa moja. Weusi utaushusha mwishoni, rangi zikishakaa.

Hifadhi TIFF ya biti 16. Ya biti 8 ina ngazi 256 tu, na ukiinyanyua tena kidogo anga linagawanyika mistari mistari.

Vekta_Anga

Naongezea kuhusu ukubwa. NIRCam ina njia mbili. Ile ya mawimbi mafupi, mikromita 0.6 hadi 2.3, ina pikseli ya sekunde-tao 0.031 (sekunde-tao ni sehemu ya 3600 ya digrii). Ile ya mawimbi marefu, 2.4 hadi 5.0, ina pikseli ya 0.063. Kwa hiyo F335M, F444W na F470N zitatoka ndogo karibu nusu. Usizikuze mara 2 kwa mkono, kwa sababu uwiano halisi ni kama 2.03, na kwenye picha yenye maelfu ya pikseli hilo pengo linatosha kuipa kila nyota ya pembeni kivuli chekundu. Kila faili ina ramani ya anga ndani yake, basi itumie. Kwenye Python, astropy husoma faili na `reproject_interp` huihamishia kwenye gridi ya F200W. Programu ya Siril nayo hulinganisha kwa kutafuta nyota zenyewe. Angalia kumbukumbu ya kompyuta kwanza, maana faili moja ya mosaiki (picha iliyounganishwa) huweza kuzidi gigabaiti 1.

Yale matundu ni nyota zilizojaa kupita uwezo wa kigunduzi. Mfumo wa kuchakata umezitupa hizo pikseli na kuacha NaN (alama ya "si namba") au sifuri. Zizibe kabla ya asinh, si baada. Tengeneza ramani ya pikseli halali, ipitishe kwenye `binary_fill_holes` ya scipy, na kilichoongezeka ndicho matundu. Weka humo thamani ya juu ya picha, kwa mfano asilimia ya 99.99. Ukibadilisha kila NaN bila kuchuja, kingo za mosaiki nazo zitawaka nyeupe.

Miale minane ya nyota usiiguse. Sita mikubwa hutokana na vioo vya pembe sita, na miwili midogo ya ubavuni ni ya nguzo zinazoshika kioo cha pili. Darubini ya Hubble huonyesha minne.

Mchuja_Nuru

Sasa rangi. Kwenye GIMP kila faili iwe safu yake, hali ya safu iwe Screen, kisha ipake kwa Colorize: ujazo wa rangi hadi mwisho, mwangaza -0.5. Hiyo -0.5 watu huisahau, halafu wanashangaa kwa nini sehemu angavu zote ni nyeupe. Utaratibu wa kawaida ni wimbi fupi kwenda bluu na refu kwenda nyekundu. Picha rasmi ya Carina ilipewa F090W bluu, F187N samawati-kijani, F200W kijani, F470N njano, F335M chungwa, F444W nyekundu.

Utaona F470N imeruka foleni. Ni kichujio chembamba cha haidrojeni ya molekuli, na mikromita 4.7 imo ndani ya eneo la F444W. Ukiipaka nyekundu pia, mikondo ya gesi inayorushwa na nyota changa itamezwa.

Je, ni za kweli? Jicho halioni infraredi, kwa hiyo hakuna rangi "halisi" ya kurudia. Lakini si mapambo. F187N ni haidrojeni iliyoionishwa (iliyopoteza elektroni), F335M ni molekuli za kaboni zinazong'aa kwenye 3.3. Mahali rangi zinapotofautiana, kuna kitu tofauti. Hata picha ya Hubble ya Nguzo za Uumbaji, 1995, ilifanywa hivyo: salfa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni bluu, ingawa haidrojeni na salfa, nanomita 656 na 673, zote kwa jicho ni nyekundu.

Vekta_Anga

Sikubaliani nawe kwenye jambo moja. Ukinyanyua kila kichujio kivyake hadi kipendeze, uwiano kati ya vichujio unavurugika, na kauli ya "kuna kitu tofauti" inadhoofika. Kwa nebula yenye vichujio vyembamba, sawa, hakuna jinsi. Kwa galaksi zenye vichujio vipana, tumia mpangilio mmoja kwa vyote. Kazi ya `make_lupton_rgb` ya astropy imeundwa kwa ajili hiyo.

Pikseli16

Asanteni sana, SCI imefunguka. Sasa F187N ina michirizi myembamba ya mlalo ambayo asinh imeiamsha. Niiondoe kwa kutoa wastani wa kila mstari?

Vekta_Anga

Si kwenye i2d. Michirizi hiyo ni kelele ya usomaji wa kigunduzi, mstari kwa mstari, na i2d imekwisha kuunganishwa na kupangwa upya. Shuka kwenye faili za _cal, za kabla ya kuunganishwa, kigunduzi kimoja kimoja, ufunike nyota na gesi kwa barakoa, utoe thamani ya kati (median) ya kila mstari, si wastani. Kigunduzi kina vikuza-ishara vinne vyenye safuwima 512 kila kimoja, kwa hiyo fanya kwa kila robo. Kisha unganisha upya kwa calwebb_image3, hatua ya mfumo wa kuchakata inayounda i2d. Mahali nebula imejaza mstari mzima, acha michirizi ibaki, la sivyo utatoa nebula yenyewe.