Mjadala: Spitzweg aliwacheka maskini, au aliwacheka waliomnunua?

MLETA MADA

Wakuu, heshima kwenu. Leo tuipumzishe siasa tujadili sanaa, ingawa najua mtaiingiza tu.

Kuna mchoraji wa Kijerumani aitwaye Carl Spitzweg, aliyezaliwa 1808 karibu na Munich na kufariki huko huko Munich 1885. Picha yake maarufu kuliko zote ni "Mshairi Maskini" ya 1839. Mzee amejiegemeza kwenye godoro lililotandikwa sakafuni, katika chumba cha darini, kofia ya kulalia kichwani, kalamu ya unyoya ameing'ata kwa meno. Juu yake pametundikwa mwavuli uliofunguliwa, maana paa linavuja. Jiko la kupashia chumba joto limepoa, na mdomoni mwa jiko hilo yamesokomezwa makaratasi: ni miswada yake mwenyewe. Mashairi aliyoyatunga jana ndiyo kuni za leo. Mkono mmoja kauinua, vidole vimebanana. Wapo wanaosema anahesabu mizani za ubeti, wapo wanaosema kamkamata kiroboto.

Wajerumani wanaipenda picha hii mno. Iko kwenye kalenda, kwenye kadi, kwenye vikombe vya chai. Swali langu ni moja: wanapenda nini hasa? Wapo wanaosema Spitzweg alikuwa mchoraji wa kufurahisha sebule za wenye nazo, fundi wa kuufanya ufukara upendeze. Mimi napinga. Nasema alikuwa mdhihaki aliyejificha, na aliowadhihaki ndio walionunua. Karibuni.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, umetuficha jambo. Tuambie basi mchoraji mwenyewe alilala njaa lini?

Baba yake alikuwa mfanyabiashara mwenye uwezo. Mtoto akapelekwa kujifunza ufamasia katika duka la dawa la jumba la mfalme Munich, kisha akasoma chuo kikuu, akamaliza 1832 na alama za juu. Mwaka uliofuata akaugua, akaenda kujiuguza, na huko huko akaamua kwamba dawa basi, sasa ni kuchora. Aliweza kuamua hivyo kwa sababu alikuwa na mirathi. Hakuwa na mke wala mtoto wa kumlisha. Hakusoma chuo cha sanaa, alijifundisha mwenyewe kwa kunakili wachoraji wa zamani wa Uholanzi. Sawa, kipaji alikuwa nacho, sibishi. Lakini mtu wa namna hiyo akimchora mwenzake anachoma mashairi ili apate joto, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Angalia picha vizuri: rangi za joto, mwanga mzuri wa dirishani, mzee ametulia tuli. Huo ni ufukara wa kutazamwa na mtu aliyekwisha kula.

MLETA MADA

Hilo la mirathi ni kweli, ila linakwenda kinyume na unavyolipeleka. Mwenye mirathi halazimiki kumpendeza mteja. Na hiyo picha ilipoonyeshwa mara ya kwanza Munich haikupokelewa vizuri. Watu waliona inaukejeli ushairi, wakati mshairi enzi zile Ujerumani alikuwa mtu wa kuheshimiwa kama mtume. Leo ndio inaitwa tamu. Walioiona ikiwa mbichi iliwachoma.

MCHANGIAJI WA PILI

Mimi ningependa tumuongelee Ulay, maana yeye alijibu swali hili bila kuandika insha.

Kwa wasiomjua, Ulay ni msanii Mjerumani, jina lake kamili Frank Uwe Laysiepen, aliyefariki 2020. Desemba 1976 aliingia makumbusho ya sanaa ya Neue Nationalgalerie, Berlin Magharibi, ambako kulikuwa na toleo jingine la "Mshairi Maskini" (Spitzweg aliichora zaidi ya mara moja). Akaibandua ukutani, akatoka nayo mbio, walinzi nyuma yake. Gari likaelekea Kreuzberg, mtaa wa wahamiaji. Akasimama kwenye kibanda cha simu, akampigia mkurugenzi wa makumbusho kwamba aje aone picha yake ilipo. Kisha akaitundika sebuleni kwa familia ya vibarua kutoka Uturuki. Tukio lote lilirekodiwa kwa filamu.

Ujumbe wake mnauona? Taifa zima linamhurumia maskini wa kuchorwa, huku maskini wa kweli, aliyeletwa kufanya kazi viwandani, amesukumwa pembeni na hakuna anayebisha hodi kwake. Mkurugenzi ilibidi afike mwenyewe kwenye nyumba ambayo asingeingia maisha yake yote. Kwangu hiyo ndiyo hukumu ya Spitzweg. Picha yake iliwapa watu huruma isiyogharimu kitu.

MCHANGIAJI WA TATU

Wizi ni wizi, ndugu yangu. Mahakama nayo iliona hivyo, ikampa achague faini au kifungo.

Na tuulize upande wa pili: familia ile ilipata nini? Picha ilirudi makumbusho, Ulay akapata jina, mkurugenzi akarudi ofisini, wenye nyumba wakabaki pale pale walipokuwa. Ametumia ukuta wao kama jukwaa. Halafu mnamtuhumu Spitzweg kwamba aliwatumia maskini!

Nawakumbusha pia, picha hiyo hiyo ya Berlin iliibwa tena 1989, safari hii katika jumba la Charlottenburg, pamoja na "Barua ya Mapenzi" ya Spitzweg huyo huyo. Mmoja wa wezi alikuja kwenye kiti cha magurudumu. Hao hawakupiga simu kwa mtu yeyote, na picha haijaonekana mpaka leo.

MCHANGIAJI WA NNE

Nachora katuni, kwa hiyo naomba niseme kama mtu wa kazi.

Spitzweg alichora vikaragosi katika jarida la Fliegende Blätter la Munich, lililoanza 1844. Ujerumani ya wakati ule ilikuwa na udhibiti mkali wa maandishi tangu amri za Karlsbad za 1819: gazeti linasomwa na mkaguzi kabla halijachapwa. Katika hali hiyo unajifunza kuchora kitu ambacho mkaguzi atakiona ni mzaha tu. Unachora askari wa ulinzi kwenye ngome, mzinga upo, adui hayupo, na askari anafuma soksi. Spitzweg alimchora askari huyo. Mkaguzi atasema nini? Kwamba jeshi letu halifumi? Akisema hivyo amejiaibisha mwenyewe.

Tatizo la mbinu hiyo, na nalijua kwa kuliishi, ni kwamba ukificha mwiba vizuri sana hata msomaji haumchomi. Anacheka, anakukata gazetini, anakubandika ukutani. Namtetea Spitzweg kwa nia yake. Matokeo siwezi kuyatetea.

MLETA MADA

Mtaalamu wa katuni umenipa njia. Matokeo hayo yapo, na mabaya kuliko yote ni kwamba Hitler alimpenda sana Spitzweg.

Mwaka 1857 Spitzweg alichora picha inayoitwa "Justitia". Sanamu ya mama wa Haki imesimama, mizani yake ni mbovu, na pembeni askari anavizia. Hakuna mwiba uliofichwa hapo. Picha hiyo baadaye ilikuwa mali ya Leo Bendel, Myahudi, mfanyabiashara wa tumbaku Berlin. Mwaka 1937 akaiuza, kwa sababu alihitaji fedha za kukimbia nchi. Alifika Vienna, vita vilipoanza akakamatwa, akafia kambi ya Buchenwald 1940. Picha yenyewe ilinunuliwa kwa ajili ya makumbusho ambayo Hitler alitaka kuyajenga mjini Linz, Austria. Vita vikaisha, ikaingia mikononi mwa serikali ya Ujerumani Magharibi, na wakubwa wakaitundika wapi? Villa Hammerschmidt, Bonn, makazi ya rais. Kwa miaka mingi wageni wa heshima walipita mbele ya Haki yenye mizani mbovu, ambayo nayo ilipatikana kwa mgongo wa mtu aliyeuawa. Ilikuja kurudishwa kwa warithi wake zaidi ya miaka 80 tangu iuzwe.

Sasa niambieni, mchoraji wa sebule angeweza kuchora kitu ambacho kinawaumbua wamiliki wake namna hiyo, karne nzima baada ya yeye kukichora? Hawakumsoma. Waliona vijimji vya kale, paa za vigae, vizee vyenye miwani, wakaridhika.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Hadithi ya Bendel inauma, na ahsante kwa kuileta. Lakini inatueleza habari za wezi na serikali zao. Uchoraji haukuipata sifa hiyo, historia ndiyo iliyoipa.

Turudi kwenye kazi zake. Kwa kila "Justitia" moja, kuna mpenda maua ya kaktasi, msoma vitabu juu ya ngazi, kasisi bustanini, mchumba chini ya dirisha. Akapewa nishani ya Bavaria 1865, akafanywa mwanachama wa heshima wa chuo cha sanaa cha Munich 1868. Watawala hawampi nishani mtu anayewakera.

Na "Mshairi Maskini" nina deni nayo moja tu. Chumba kile kina mwenye nyumba, paa linavuja, na bila shaka kuna mtu anayekuja kudai kodi. Mzee yumo, mwavuli umo, hata kiroboto huenda kimo. Nionyesheni, katika kazi zote za Spitzweg, picha moja ambamo mwenye nyumba huyo amepanda ngazi na kubisha mlango. Mimi sijaiona.