Eti mashine haina kosa, kosa ni MKONO WANGU. Yule muuzaji amenidhalilisha leo mbele za watu

ChecheZaJioni (mleta uzi)

Wakuu, hasira niliyonayo hapa naweza kuunganisha chuma kwa mkono mtupu. Jina simtaji, hakuna haja. Aliyewahi kununua hata rodi moja anamjua. Yule yule mwenye miwani ya kazi juu ya paji la uso saa zote, hata akilala nadhani analala nayo.

Leo nimemrudishia mashine yake ya kuchomelea. Nyuma yangu kuna foleni ya wateja. Nikaiweka mezani, nikaeleza taratibu, kwa adabu. Akachomeka, akashika rodi, akagusa kipande cha chuma, cheche zikaruka vizuri tu. Akavua kofia ya kuchomelea, akanitazama, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mtaa wa tatu: "Mashine haina kosa. Kosa ni mkono."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kuna mzee alicheka mpaka akatafuta pa kuegemea.

MKONO!

Sasa sikilizeni. Siku ninanunua nilimwambia wazi: nataka ya nyumbani, natengeneza viti na rafu zangu mwenyewe, bomba la mraba lenye unene wa milimita 1.5, umeme ni wa soketi ya kawaida ukutani. Muuzaji anayejua kazi, ukishamwambia hayo, ameshajua cha kukupa. Yeye akauliza swali moja tu, nina hela kiasi gani. Kisha akatoa dude limeandikwa 250 ubavuni, tarakimu kubwa kuliko mashine yenyewe. Kibao cha nyuma, kile cha kusomwa kwa tochi, kinasema amperi 140 kwa asilimia 20. Yaani kwenye dakika 10 unachomelea 2, zile 8 unakaa unaitazama ipoe. Hiyo 250 ni pambo!

Na rodi alizonifungia ni za milimita 3.2. Kwa bomba la 1.5! Rodi ya 3.2 inataka amperi 90 kwenda juu. Ukishusha moto inanata, ukipandisha bomba linatoboka. Viti vyangu vimekuwa chujio. Kazi ile ilitaka rodi ya 2.0, amperi 40 mpaka 70 hivi, na mtu wa dukani ndiye wa kusema hivyo.

Nikipandisha mpaka mwisho, breka inaruka, nyumba nzima giza. Na lazima iruke! Amperi 140 kwenye moto wa volti 25 ni kilowati 3.5 zinazotoka kwenye rodi, ukutani inavuta zaidi ya 4. Soketi ya amperi 13 kwa volti 230 inatoa 3 basi.

Halafu kile kipande alichojaribia pale mezani kilikuwa pande la milimita 10! Pande la hivyo hata ukilifumbia macho halitoboki. Kwa nini hakujaribia bomba langu? Nilikuwa nalo mkononi. Mkono huo huo anaousema.

Nondo16

Pole mkuu. Lakini tupia picha ya mshono kabla hatujamhukumu mtu.

ChecheZaJioni

Picha ya nini? Nimeshasema bomba 1.5, rodi 3.2.

Nondo16

Anayeficha mshono tunamjua. Mkono huo.

TaoRefu

😂😂😂 Nondo umeua. Mleta uzi, ungeiuliza hiyo mashine kwanza kabla hujaibeba.

FundiWaUani

Msimcheke. Huyo jamaa aliniuzia mimi ya waya, ile isiyotumia gesi, waya wenye unga ndani. Hakuniambia kwamba bunduki, ile ya kushika inayotoa waya, inatoka kiwandani imefungwa kwenye chanya, kwa ajili ya waya mtupu na gesi. Waya wa unga usiotumia gesi unataka bunduki ikae hasi. Nilikuwa narusha cheche mpaka kwa jirani, mshono umejaa chunusi. Kumpigia simu, eti "utazoea". Kumbe ni kufungua kifuniko na kubadilisha nyaya mbili tu!

ChecheZaJioni

Umeona? Kwako "utazoea", kwangu "mkono". Tena wewe kwenye simu, mimi mbele ya foleni!

BintiChuma

Kwa bomba la 1.5 nyote mnahangaika bure. Waya wa 0.8 na gesi, mshono unatoka safi, hakuna magamba ya kugonga. Rodi ni za chuma kinene na chenye kutu.

FundiWaUani

Gesi uani? Upepo ukipita tu gesi imeondoka, mshono umejaa matundu. Mtu wa nyumbani anafanyia kazi nje, si kwenye karakana yenye kuta nne.

BintiChuma

Weka turubai. Watu wanaweka turubai.

FundiWaUani

Turubai karibu na cheche. Haya, endelea.

BintiChuma

Turubai la kuzuia moto, yapo. Usinitoe kwenye mada.

ChecheZaJioni

Mada ni MKONO. Mzee aliegemea ukuta jamani.

JichoMchanga

Nyie mna raha, mnalia mashine. Mimi aliniuzia miwani nyeusi ya jua akasema "inatosha kwa kazi ndogo". Usiku nimeamka macho yamejaa mchanga, machozi yanatiririka, siwezi kutazama hata taa. Ngozi ya shingo imebabuka. Kwa rodi kioo kiwe cha giza namba 10 kwenda juu, na uso wote ufunikwe. Mashine mbaya unarudisha, jicho unarudisha wapi?

TaoRefu

Huyu ndiye mwenye uzi sasa. Mleta uzi mpishe.

KutuKutu

Mimi aliniuzia rodi za 7018, pakiti imeshafunguliwa, imekaa kwenye kona yenye unyevunyevu. Rodi zile zinatakiwa ziwe kavu kabisa, ndiyo sifa yake, haidrojeni kidogo. Zikinywa unyevu mshono unaweza kupasuka baadaye, wakati umeshaupaka rangi. Nilivyomuuliza akazianika juani mbele yangu! Juani! Wenye kazi yao wanazitunza kwenye oveni ya nyuzi zaidi ya 100.

Nondo16

Wewe wa nyumbani 7018 za nini? Chukua 6013, inawaka kirahisi, haina makuu.

KutuKutu

Natengeneza fremu ya tela. Tela inabeba mzigo barabarani. Unataka nichomelee kwa rodi ya mapambo?

Nondo16

6013 imekuwa ya mapambo leo? Ngazi yangu nimeipanda miaka.

FundiWaUani

Ngazi si tela.

BintiChuma

Na mkishachagua rodi, msichomelee chuma chenye zinki ndani ya stoo mmefunga mlango. Nilifanya kazi na mtu wa hivyo, moshi mweupe stoo nzima, jioni anatetemeka kwa homa. Saga zinki kwanza pembeni ya mshono, na ufanyie kazi penye hewa.

ChecheZaJioni

Wakuu narudia. Foleni nzima. Kipande cha milimita 10. Anaambiwa bomba, anajaribia pande!

TaoRefu

Tumesikia mkuu. Picha.

JichoMchanga

BintiChuma, ile kofia inayojitia giza yenyewe, ikianza kuchelewa kuwa nyeusi ni betri au ni kitambuzi kimechafuka? Niliyonunua baada ya yale macho imeanza kunimulika, na kwa yule sirudi.

BintiChuma

Futa vitambuzi vya mbele kwanza, cheche huwa zinavirukia. Ikiendelea badilisha betri. Ila kuna zenye betri iliyozibwa ndani, haitoki, na hilo nalo nina la kusema. Nani kaamua kofia nzima itupwe kwa sababu ya betri ya ukubwa wa kifungo?

KutuKutu

Sema dada! Yangu nimeipasua kwa msumeno.

Nondo16

Picha ya kofia basi.